Kwa Nini Wengi Wetu "Tumezaliwa" Januari 1, na Watoto Huzaliwa Lini Kweli?

Maneno haya yalisemwa katika mkutano wetu wa wageni wapya. Tumeyaandika hapa kwa ajili yako uliyekuwa kazini siku hiyo, na kwa ajili yako uliyekuwepo lakini ulikuwa umebeba mtoto aliyekuwa analia.

 

Leo naomba kila mmoja atoe kadi yake yenye tarehe ya kuzaliwa. Usimwonyeshe mtu, itazame tu wewe mwenyewe. Sasa naomba mnyooshe mikono: ni nani hapa kadi yake inasema 01/01? Mnaona. Zaidi ya nusu ya chumba. Baba Januari 1, mama Januari 1, watoto wanne Januari 1, wa miaka tofauti. Mtu wa kaunta akiona hivyo anashangaa, anauliza kama ninyi ni mapacha.

Sote tunajua ilivyokuwa. Kambini au ofisini afisa aliuliza, "Umezaliwa lini?" Ulijibu mwaka, au mama yako alijibu mwaka. Kompyuta ilitaka na mwezi na siku. Afisa akaandika siku ya kwanza ya mwezi wa kwanza, akamwita anayefuata. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na watu mia moja kwenye foleni, na kisanduku kile hakikukubali kuachwa kitupu.

Lakini leo nataka tuulize swali ambalo afisa hakuwa na muda wa kuliuliza: watu huzaliwa lini kweli? Ukilijua jibu, utaelewa karatasi yako imekuongezea nini, na kwa nini jambo hili lishughulikiwe mapema.

Nianze na hapa Marekani. Takwimu za vizazi vya nchi hii za mwaka 1994 hadi 2014 zilipopangwa siku kwa siku, siku iliyoongoza ilikuwa Septemba 9, na siku nyingi zilizoifuata ni za Septemba hiyo hiyo. Ukiacha Februari 29, ambayo huja mara moja katika miaka minne, siku ya mwisho kabisa ilikuwa Desemba 25. Na iliyokuwa karibu nayo mkiani? Januari 1. Yaani siku ambayo sisi tumeandikiwa kwa wingi ni mojawapo ya siku ambazo watoto wachache zaidi huzaliwa katika nchi hii.

Sababu ya siku hizo mbili ni rahisi. Hapa takriban mtoto mmoja kati ya watatu huzaliwa kwa upasuaji, na akina mama wengine wengi huanzishiwa uchungu kwa dawa. Mambo hayo hupangwa kwa kalenda. Daktari hapangi upasuaji siku ya Krismasi wala Mwaka Mpya kama hakuna dharura. Kwa sababu hiyo hiyo, Jumamosi na Jumapili zina vizazi vichache kuliko Jumanne au Jumatano.

Lakini mbona Septemba? Hesabu nyuma. Mimba hukaa takriban wiki 38 tangu siku ya kutunga. Toka Septemba, rudi nyuma wiki 38, unafika Desemba: likizo, baridi, watu wako nyumbani, familia zimekutana. Uingereza ni vivyo hivyo. Katika England na Wales, kwa vizazi vya mwaka 1995 hadi 2014, siku iliyoongoza ilikuwa Septemba 26.

Usidhani ni Wakristo peke yao. Mwaka 2017 watafiti walichapisha kazi iliyotazama kile watu wanachotafuta kwenye intaneti katika nchi nyingi. Waliona kwamba katika nchi zenye Wakristo wengi hamu ya mambo ya ndoa hupanda wakati wa Krismasi, na katika nchi zenye Waislamu wengi hupanda wakati wa Idi. Sikukuu huleta watu pamoja, na miezi tisa baadaye wakunga wana kazi.

Hata hivyo sikukuu si sababu pekee. Huko Ulaya, katika miaka ya 1820, mtaalamu wa takwimu wa Ubelgiji aliyeitwa Adolphe Quetelet alihesabu vizazi vya mji wa Brussels mwezi kwa mwezi, akaona havilingani. Tangu hapo kila nchi iliyohesabu imeona kitu kama hicho, ila miezi inatofautiana. Katika nchi za Skandinavia, kwa muda mrefu vizazi vingi vilikuwa vya Machi na Aprili. Hapa Marekani, majimbo ya kaskazini hufikia kilele mapema, kiangazi chao kinapoanza. Majimbo ya kusini huchelewa hadi vuli.

Joto nalo limo. Wachumi waliochunguza takwimu za Marekani za mwaka 1931 hadi 2010 waliona kwamba baada ya siku za joto kali, vizazi hupungua kama miezi tisa mbele, kisha baadhi ya upungufu huo hufidiwa miezi inayofuata. Joto kali hupunguza mbegu za mwanamume, tena hakuna anayependa kusogeleana usiku ambao hata shuka ni mzigo. Walipoenea watu wenye viyoyozi, nguvu ya joto hilo ilipungua.

Sasa turudi kwetu, kwa sababu utafiti mmoja mzuri sana juu ya jambo hili ulifanyika Kongo, katika msitu wa Ituri. Mwaka 1992 Robert Bailey na wenzake walichapisha matokeo ya kazi yao kati ya Walese, ambao ni wakulima. Katika msitu ule, miezi ya kabla ya mavuno huwa ya njaa. Chakula cha mwaka uliopita kimekwisha, na cha mwaka huu bado kiko shambani. Watafiti walipima uzito wa akina mama, na walipima homoni zao kwa kutumia mate. Waliona kwamba chakula kikipungua, uzito wa mama hupungua, na mwili wake hupunguza kazi ya kukomaza mayai. Mimba zinazotunga wakati huo ni chache. Mavuno yakija, mwili hupata nguvu tena, na mimba huongezeka. Miezi tisa baadaye wanazaliwa watoto wengi kwa pamoja.

Majirani zao Waefe, ambao huwinda na kukusanya vyakula vya msituni, hawakuonyesha mpangilio huo. Msitu ni ule ule, mvua ni ile ile. Tofauti ni kwamba maisha yao hayakufungwa na kalenda ya shamba kama ya Walese.

Mama unayenisikiliza, shika neno hili. Kama kulikuwa na miaka ya njaa ambayo mimba haikushika, na watu wa ukoo wakakunong'onea maneno, mwili wako haukuwa na laana. Ulikuwa unafanya hesabu: chakula hiki hakitoshi watu wawili.

Kwa hiyo mtu hazaliwi popote kwenye kalenda kwa kubahatisha tu. Kuna mavuno ndani yake, kuna joto, kuna sikukuu, kuna baba aliyerudi kutoka machimboni au safari ya biashara. Hata hivyo tusitie chumvi. Hapa Marekani tofauti kati ya mwezi wenye vizazi vingi na mwezi wenye vichache ni takriban asilimia 10 tu. Kila mwezi una watoto wake. Na mwezi wa kuzaliwa hauamui tabia wala bahati ya mtu; anayekuambia hivyo anataka pesa yako.

Sasa tuone hesabu inayotuhusu. Kama watu wanazaliwa mwaka mzima, na sisi tumeandikwa siku ya kwanza ya mwaka, basi kosa hilo linaenda upande mmoja tu. Likiwa na mwaka sahihi, haliwezi kukufanya mdogo, linakufanya mkubwa kuliko ulivyo. Aliyezaliwa Machi ameongezewa miezi miwili. Aliyezaliwa Novemba ameongezewa kumi. Ukichukua wote pamoja, kila mmoja wetu ameongezewa kama nusu mwaka.

Kwa mzee wa miaka 50, nusu mwaka si kitu. Lakini kuna milango katika nchi hii ambayo hufunguka au kufungwa kwa siku moja. Nitaje minne.

Mlango wa kwanza ni shule. Majimbo mengi hutumia Septemba 1 kuamua mtoto anaanza darasa gani. Mwaka 2018 kulitoka utafiti wa Marekani kuhusu majimbo yenye kanuni hiyo. Watoto waliozaliwa Agosti, ambao ndio wadogo kuliko wote darasani, walikuwa na uwezekano wa asilimia 34 zaidi kuambiwa wana ugonjwa wa kutotulia na kukosa umakini, kuliko waliozaliwa Septemba. Yaani mtoto anaweza kuonekana mgonjwa kumbe ni mdogo tu. Mtoto wako aliyezaliwa Novemba na kuandikwa Januari anaweza kuwekwa darasa la juu zaidi, huku bado anajifunza Kiingereza. Mwalimu akikuita kuhusu tabia ya mtoto, mwambie: "Tarehe hii ilikadiriwa. Huenda ni mdogo kuliko karatasi inavyosema." Omba mkalimani, ni haki yako shuleni. Sema hivyo kabla hujatia sahihi yoyote.

Mlango wa pili ni miaka 18. Hapo kijana anahesabiwa mtu mzima mbele ya sheria, na vijana wa kiume wa miaka 18 hadi 25 wanahusika na uandikishaji wa Selective Service. Anayeonekana mtoto nyumbani kwako anaweza kuwa mtu mzima kwenye karatasi kwa miezi kumi tayari.

Mlango wa tatu ni miaka 21, na huu ndio unaoniumiza zaidi kazini. Mkimbizi aliyefika hapa anaweza kumwombea mume au mke wake, na watoto wake ambao hawajaoa wala kuolewa na wako chini ya miaka 21, mradi alete ombi ndani ya miaka 2 tangu alipofika. Siku ya kuhesabia umri ina kanuni zake, usijihesabie mwenyewe. Lakini fikiria kijana aliyebaki Nyarugusu au Nakivale, aliyezaliwa Oktoba, karatasi inasema Januari. Miezi hiyo tisa ambayo hakuiishi inaweza kumtoa kwenye orodha ya watoto. Kama una mtoto nyuma aliyepita miaka 17, usisubiri barua hii iishe. Piga simu ofisini kesho asubuhi.

Mlango wa nne ni uzee. Bima ya afya ya Medicare na misaada mingine ya wazee huanza miaka 65, na pensheni kamili ya Social Security ni miaka 67 kwa waliozaliwa 1960 au baadaye. Hapa Januari 1 inaweza kukusaidia miezi michache. Inapokosewa ni pale afisa alipokosea mwaka wenyewe. Nimeona wazee wenye miguu ya miaka 70 wanaotakiwa kubeba maboksi ghalani kwa sababu karatasi inasema 58.

Sasa utauliza: je, nibadilishe tarehe? Sikiliza vizuri.

Kwanza, kwa sasa tumia tarehe ile ile iliyo kwenye karatasi zako za kuingilia nchini, kila mahali: kazini, hospitali, shuleni, benki. Usiandike ya karatasi hapa na ya mama yako pale. Tarehe mbili za mtu mmoja zinaleta maswali, na maswali yanachelewesha kila kitu.

Pili, kumbuka hapa wanaandika mwezi kwanza. 09/03 ni Septemba 3, si tarehe 9 ya mwezi wa tatu. Tumeona watu waliopata tarehe ya pili ya uongo kwa njia hiyo tu.

Tatu, kama una ushahidi, tuletee mapema: cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki ya mtoto, cheti cha ubatizo, karatasi ya shule. Wakati mzuri wa kuzungumza na mwanasheria wa uhamiaji ni kabla ya kuomba grini kadi, baada ya mwaka 1 wa kukaa hapa. Ukishakula kiapo cha uraia, kurekebisha tarehe kwenye cheti hicho ni vigumu mno.

Nne, usibuni. Usimfanye mtoto mdogo ili acheze mpira na wadogo zake, wala usijifanye mzee ili upate msaada. Kusahihisha kwa ushahidi ni haki. Kubuni ni uongo kwa serikali, na unaweza kukugharimu ukaazi wako.

Na kama huna karatasi yoyote? Bado una kitu. Una mama, au shangazi, au jirani wa zamani kijijini. Kumbukumbu ya mama peke yake huenda isimtoshe afisa, lakini inakusaidia kujua wapi pa kutafuta karatasi: parokia gani, kliniki gani, mwezi gani. Mpigie, na usimuulize "tarehe gani". Hiyo hataijua, na atajisikia vibaya. Muulize hivi:

Shambani kulikuwa na nini? Mlikuwa mnapanda, mnapalilia, au mnavuna? Mlikuwa mnavuna nini?

Mvua ilikuwa inaanza, inanyesha sana, au imekatika? Kwa watu wa Kivu ya Kusini, kiangazi ni Juni hadi Agosti, na mvua hurudi kama Septemba.

Kulikuwa na sikukuu gani karibu: Krismasi, Pasaka, Ramadhani, Idi?

Nani mwingine alizaliwa wakati huo? Yule mwenye cheti atakufaa.

Kulitokea nini nchini? Ndadaye aliuawa Oktoba 21, 1993. Kambi ya Nyarugusu ilianza mwaka 1996. Mobutu alitoka Kinshasa Mei 1997. Mwalimu Nyerere alifariki Oktoba 14, 1999. Mzee Kabila alipigwa risasi Januari 16, 2001. Nyiragongo ililipuka na kuingia Goma Januari 17, 2002. Mama akikuambia, "Ulikuwa unatambaa volkano ilipokuja," amekupa kipimo kizuri kuliko cha afisa.

Majina yetu pia ni karatasi. Juma alizaliwa Ijumaa, Hamisi Alhamisi. Noeli si lazima aulizwe. Safari alizaliwa watu wakiwa njiani. Rajabu, Shabani na Ramadhani wamebeba mwezi wao, ila kumbuka miezi ya Kiislamu hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Ramadhani ya mwaka 1990 ilianza mwishoni mwa Machi. Ya mwaka 1998 ilianza Desemba. Ukijua mwaka, jina linakupa mwezi.

Mimi karatasi zangu zinasema Januari 1 kama zenu. Mama anasema nilizaliwa wakati wa kuvuna maharage ya msimu wa pili, mvua zikiwa zinakatika. Kwetu hiyo ni mwisho wa Mei au Juni. Serikali ina siku yake, nami naiandika bila kusita kila nikiombwa. Lakini watoto wangu wanajua kwamba baba yao ni mtu wa maharage.

Najua wengine mnaonisikiliza hamna tena wa kumpigia simu. Mama hayupo, wala kijiji hakipo. Kwenu nasema: njoo tukae, tuanzie na unachokumbuka wewe mwenyewe, hata kiwe kidogo. Na kwa watoto wenu mliozaa kambini na hapa, andikeni leo, kwenye daftari moja la nyumbani: siku, saa, mahali, mvua au jua, nani aliyekuwepo. Wasije kuulizwa na mtu wa kaunta wakakosa jibu.

Wiki hii fanya mambo matatu. Tazama tarehe za kila mtu wa nyumba yako kama zinafanana kwenye karatasi zote. Mpigie simu mkubwa mmoja wa familia na umuulize maswali yale matano. Na kama una mtoto aliyebaki nyuma, njoo ofisini na karatasi zake, hata kama ni kipande cha kadi ya kliniki kilicholoana. Vipande kama hivyo tumevifanyia kazi.

 Chai iko nyuma, na vitumbua vimeletwa na akina mama. Msiondoke kabla hatujajibu maswali yenu.